Mcheza Kwao Hutunzwa. Je, Mcheza Makumbushoni?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeikariri tangu tukiwa shule za msingi, na pengine kwa kuizoea huko tumesahau kuichungua. Kitenzi kinachoibeba, kutunza, kina maana mbili. Maana ya kwanza ni kukiangalia kitu vyema kisipotee wala kuharibika; hiyo ndiyo kazi ambayo makumbusho duniani kote hujinasibu nayo. Maana ya pili ni kumzawadia mchezaji papo hapo uwanjani, mbele ya watu aliowafurahisha, kwa fedha, kwa leso anayovishwa begani au kwa vigelegele. Ni dhahiri kwamba wahenga walikusudia maana hii ya pili. Makala hii inanuia kuonyesha kuwa jumba la makumbusho linaloshika maana ya kwanza na kuiacha ya pili halijatunza chochote. Mfano wangu ni sanaa inayotoka mbali na kwetu, yaani mchezo wa vikaragosi vya majini wa Vietnam, na jioni zinazoandaliwa na makumbusho ili kuusherehekea.

Huenda msomaji akauliza Vietnam imeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba katika somo la fasihi simulizi tumefundishwa kuwa utungo hauishi katika maneno pekee, bali katika ushirikiano wa fanani, hadhira, mahali na wakati. Nadharia hiyo tunaieleza vizuri katika karatasi za mtihani. Ni vyema basi tuijaribu penye ugumu, na sijaona penye ugumu kuliko kwenye sanaa ambayo fanani wake hujificha, jukwaa lake ni maji, na lugha yake haieleweki na wengi wanaoishangilia. Nikiri mapema kwamba sijatia mguu Hanoi. Ninayoyajua nimeyapata kwa kusoma na kwa kutazama video. Kasoro hiyo nitairejelea, kwa sababu ni sehemu ya hoja yenyewe.

Kwa Kivietnamu mchezo huu huitwa múa rối nước. Chimbuko lake ni bonde la Mto Mwekundu, kaskazini mwa nchi, ambako wakulima wa mpunga wameishi kwa karne nyingi wakiwa nusu nchi kavu, nusu majini. Ushahidi wa kale kabisa wa maandishi umechongwa kwenye jiwe la mwaka 1121 katika hekalu la Long Đọi, kusini mwa Hanoi. Jiwe hilo linaeleza tamasha lililofanywa mbele ya mfalme Lý Nhân Tông, ambapo kobe wa dhahabu alielea juu ya maji akiwa amebeba milima mitatu mgongoni huku akigeuza macho na kurusha maji. Kwa hiyo sanaa hii ina umri usiopungua miaka mia tisa. Katika hekalu la Thầy, magharibi mwa Hanoi, lingali banda dogo lililojengwa katikati ya bwawa, ambalo tangu kale lilikuwa jukwaa la vikaragosi wakati wa tamasha la mwezi wa tatu wa kalenda ya mwandamo.

Namna mchezo unavyofanyika inastahili kuelezwa kwa utaratibu. Wachezaji husimama ndani ya maji yanayowafika kiunoni, nyuma ya pazia la mianzi. Wao huiona hadhira kupitia vipenyo vya pazia, lakini hadhira haiwaoni. Kila kikaragosi hufungwa kwenye ncha ya ufito mrefu unaopita chini ya maji, na nyuzi zilizounganishwa na ufito huo huwezesha kichwa na mikono kutikisika. Maji yenyewe huwa ya rangi ya tope, yakaficha fito na nyuzi, hata ikaonekana kana kwamba joka, bata na mvuvi wanakwenda kwa miguu yao wenyewe. Pembeni huketi wapigaji wa ngoma, matoazi, filimbi na zeze la uzi mmoja, pamoja na waimbaji wa chèo, ambayo ni tamthilia ya nyimbo ya wakulima wa bonde hilo. Visa vyenyewe ni vifupi na vinafuatana haraka: mkulima anapandikiza mpunga, mvuvi anakosa samaki na kumfunika mwenzake kwa tenga, mbweha anamnyakua bata na kukwea naye mtini huku mzee na mkewe wakimkimbiza, mfalme Lê Lợi anamrudishia kobe upanga aliokopeshwa ili kuwafukuza wavamizi kutoka China katika karne ya 15.

Vikaragosi huchongwa kwa mti uitwao sung, ambao ni wa jamii moja na mkuyu wetu. Mti huu huota kando ya mabwawa, ni mwepesi na huelea. Baada ya kuchongwa, kikaragosi hupakwa tabaka kadhaa za utomvu unaozuia maji, kisha hutiwa rangi. Hata hivyo, mti ni mti na maji ni maji. Kikaragosi kinachochezwa kila siku hakidumu zaidi ya miezi michache kabla ya kuanza kuoza, na mchongaji akatakiwa kuchonga kingine. Ninaomba jambo hili likumbukwe. Kikaragosi kilichokamilika na kinachong'aa katika kabati la kioo ni kile ambacho hakijafanya kazi. Kile kilichofanya kazi kimekwisha kuoza na kutupwa, na mwanawe ndiye yuko majini.

Miongoni mwa wahusika wote, hakuna anayependwa kama Tễu. Huyu ni kijana mnene, mwenye uso wa bashasha, kifua wazi, na vishungi vya nywele kichwani. Ndiye anayefungua mchezo, anayeamkua hadhira, anayewatambulisha wengine na anayeingilia kati kila anapoona pana la kusemwa. Katika istilahi zetu tungesema kuwa ni mtambaji, mzungumzaji na mcheshi kwa pamoja. Lakini Tễu si mchekeshaji mtupu. Jadi ya kijijini ilimpa idhini ya kuwakejeli wakubwa: mwenye cheo anayekula rushwa, tajiri bahili, msomi anayejikweza. Mkulima aliyesimama majini nyuma ya pazia asingethubutu kumwambia mkuu wa kijiji maneno hayo sokoni. Alimpa Tễu ayaseme, na mkuu mwenyewe, akiwa ameketi mbele, ikambidi acheke pamoja na wengine. Wakenya tuliotazama kipindi cha The XYZ Show kilichoanza mwaka 2009 tunaifahamu vizuri hila hiyo ya kumfanya mwanasesere aseme ambalo mtu analiogopa.

Hapa ninalazimika kulizungumzia neno letu lenyewe. Kikaragosi, au karagosi, ni neno lenye nasaba na Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, ambaye naye alisifika kwa ulimi mkali na kwa kuwadhihaki wakubwa. Ajabu ni kwamba katika Kiswahili cha siasa neno hili limegeuka kuwa tusi. Tukimwita kiongozi kikaragosi tunamaanisha kuwa hana kauli yake, kwamba kuna mwingine anayemvuta kamba. Tễu ni kinyume cha tusi hilo. Ana fito mgongoni, naam, lakini anayeushika ufito ni jirani yetu, na anayoyasema ni yale ambayo kijiji kizima kingependa kuyasema. Swali basi ni hili: Tễu akitolewa kijijini na kupelekwa makumbushoni, nani atakuwa ameshika ufito?

Kabla ya kulijibu swali hilo, ni haki kuyasikiliza yanayoweza kusemwa kwa upande wa makumbusho na majumba ya maonyesho, kwa maana si machache. Kwa muda mrefu sanaa hii ilimilikiwa na vyama vya vijiji vilivyoitwa phường. Mwanachama alikula kiapo kuwa hatatoa siri ya mitambo ya chini ya maji. Siri hizo hazikufundishwa mabinti, kwa hofu kuwa wakiolewa kijiji kingine wangekwenda nazo. Utaratibu huo ulilinda ufundi, lakini pia uliuhatarisha, kwani mzee aliyefariki bila mrithi alizikwa na siri yake. Vita vilivyofuatana katika karne ya 20 viliwatawanya watu na kuvinyamazisha vyama vingi. Aliyeunyanyua mchezo huu si kijiji peke yake. Mwaka 1956 serikali ilianzisha jumba la taifa la michezo ya vikaragosi. Mwaka 1969 likaanzishwa jumba la Thăng Long, ambalo limekuja kujulikana duniani kote na ambalo liko kando ya ziwa Hoàn Kiếm, lile lile linalobeba kisa cha upanga uliorudishwa. Mwaka 1984 vikaragosi vya majini vilipelekwa Ufaransa, na mapokezi makubwa ya huko yalichangia kuamsha upya hamu ya sanaa hiyo hata nyumbani. Baada ya mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza mwaka 1986, watalii walimiminika, na tiketi zao zikawa mshahara wa wachongaji, waimbaji na wachezaji. Isitoshe, katika vikundi vya mjini wanawake nao waliingia majini, jambo ambalo viapo vya kale visingeliruhusu.

Kwa hiyo sitaki kuungana na wale wanaolia kuwa mji na mgeni vimeiua sanaa. Kama si mji na mgeni, huenda leo tungekuwa tunasoma habari zake kwenye lile jiwe la mwaka 1121 tu. Hoja yangu ni kwamba anayeokoa kitu ana wajibu wa kujua ameokoa nini. Mtu anaweza kumtoa samaki katika dimbwi linalokauka, akampangusa, akamweka kwenye sahani safi, na akajisifu kuwa amemwokoa.

Mfano wa jumba lililolitambua jambo hili upo, tena huko huko Hanoi. Jumba la Makumbusho ya Ethnolojia la Vietnam lilifunguliwa rasmi mwaka 1997. Jengo lake kuu limeigwa umbo la ngoma ya shaba ya utamaduni wa kale wa Đông Sơn, na kazi yake ni kuonyesha maisha ya makabila 54 yanayotambuliwa nchini humo. Nyuma ya jengo hilo kuna bustani yenye nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa vipimo kamili, na pia bwawa lenye jukwaa la vikaragosi. Jumba hilo limekuwa likivialika vikundi vya wakulima kutoka vijiji vya bonde la Mto Mwekundu waje na vikaragosi vyao, nyimbo zao na visa vyao. Haikuonekana kuwa inatosha kuchukua kikaragosi kimoja na kukiandikia kibandiko. Mwenye kukicheza alialikwa pia, na maji yakatayarishwa kumpokea.

Linganisha na jioni za kawaida ambazo makumbusho katika nchi nyingi huandaa ili kuusherehekea utamaduni wa Vietnam. Kuna chakula, kuna mavazi marefu ya hariri, kuna hotuba ya shukrani, na kuna vikaragosi. Mara nyingine vikaragosi hivyo huning'inizwa ukutani vikiwa vikavu. Mara nyingine kikundi kizima husafiri na tangi lake la maji, likafungwa ukumbini, na kwa muda usiofika saa moja wageni hutazama, hupiga picha na kurudi makwao wakiwa wamefurahi. Siwalaumu kwa kufurahi. Ninachokusudia ni kutaja mambo matatu ambayo jioni ya namna hiyo huyaacha nje ya mlango.

La kwanza ni maji. Neno nước katika Kivietnamu lina maana ya maji, na neno hilo hilo lina maana ya nchi, yaani taifa. Mvietnamu anayesema nchi yangu anasema pia maji yangu. Kwa hiyo bwawa la kijiji ni zaidi ya jukwaa. Ni maji yale yale yanayonywesha jaruba la mpunga na yanayofuga samaki na bata wanaoigizwa. Mchezo ulifanywa baada ya mavuno na katika sikukuu, wakati mkulima alipokuwa na nafasi na sababu ya kushukuru. Mchezaji naye aliyalipia maji hayo. Masimulizi yanataja ruba, baridi iliyopenya mifupani, maradhi ya baridi yabisi, na tangawizi au mchuzi wa samaki waliochachishwa ambao wachezaji waliunywa ili kujitia joto kabla ya kuingia. Siku hizi wengi huvaa mavazi ya mpira, na ni heri. Lakini mgeni wa jioni ya makumbusho asipoambiwa haya, atayaona maji kuwa ni mapambo, na atayachukulia maonyesho kuwa ni ujanja wa kufurahisha watoto.

La pili ni kauli. Nilipotazama kwa mara ya kwanza video ya Tễu akiwahutubia watazamaji, nilicheka. Kichwa chake kilikuwa kikizunguka, mikono ikipunga, ngoma ikimwitikia, na watu wa mbele walikuwa wakiangua kicheko. Baadaye nilijiuliza nimecheka nini. Sikuwa nimeelewa neno hata moja. Niliwacheka wanaocheka. Nikatambua kuwa mimi, mwanafunzi wa fasihi ninayejigamba kuwa maneno ndiyo kazi yangu, nilikuwa nimemtazama fanani kama mtu anavyomtazama samaki katika chupa. Kwa hadhira isiyojua lugha, njia rahisi ni kuyapunguza maneno na kuyaongeza majoka yanayotema moto. Kila mmoja ana sababu yake njema: mgeni hachoki, mwenyeji haaibiki, kikundi kinapata mwaliko mwingine. Mwisho wake ni kwamba Tễu anabaki na tabasamu bila ulimi. Hapo ndipo anapokuwa kikaragosi kwa maana ile ya tusi.

La tatu ni mwenyewe. Katika mchezo huu fanani hujificha kwa hiari, na mwisho wa onyesho hutoka nyuma ya pazia akiwa amelowa, akainama mbele ya watu. Ni wakati mfupi sana, lakini kwangu ndio kilele cha sanaa hiyo, kwa maana unamrudishia mwenye kazi kazi yake. Kabati la kioo halina wakati huo. Kibandiko husema ni kikaragosi cha mti, cha Vietnam, cha karne ya 20. Kijiji hakitajwi, chama hakitajwi, mchongaji hatajwi. Hata jina la utamaduni wa Vietnam limetanuliwa mno. Sanaa hii ni ya Wakinh wa bonde moja la kaskazini. Watày wa milimani wana vikaragosi vyao vya nchi kavu ambavyo havijui kuogelea. Nchi ya makabila 54 haiwezi kuingia yote katika tangi moja.

Kuna atakayesema kuwa ninadai makubwa. Jumba la makumbusho si kijiji, atasema, na haliwezi kuleta mavuno, wala bwawa, wala miaka mia tisa ukumbini. Kweli kabisa. Nami sidai kijiji. Ninadai mambo ambayo jumba lolote lenye nia linayaweza. Maneno ya Tễu yafasiriwe na yawekwe mbele ya hadhira, kejeli zake zikiwa ndani, hata zikimgusa mheshimiwa aliyealikwa kufungua jioni. Jina la kijiji, la chama na la mchongaji liandikwe kabla ya jina la mfadhili. Wachezaji waulizwe ni visa gani wanavyotaka kuvionyesha, badala ya kuletewa orodha. Na walipwe kama wasanii, wasipewe cheti na chakula cha jioni. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Vietnam iliuridhia mwaka 2005 na Kenya mwaka 2007, unazitaka nchi wanachama zijitahidi kuwashirikisha kwa mapana wale wanaouumba, kuudumisha na kuurithisha urithi huo. Ninayoyasema basi hayapiti yale ambayo serikali zetu zimekwisha kuyatia sahihi.

Mwingine atasema kuwa wanakijiji wenyewe hufupisha visa na kuongeza fataki wakiona watalii. Huenda ni kweli, na ni haki yao. Sanaa ya fasihi simulizi hubadilika kufuatana na hadhira. Hilo nalo tumefundishwa. Lakini kuna tofauti kati ya fanani anayebadilisha utungo kwa kuwa anamwona aliye mbele yake, na mratibu anayeukata kabla fanani hajafika. Wa kwanza angali ameshika ufito, ilhali wa pili amempokonya mwenzake.

Tena, maana ile ya pili ya kutunza haikuwa ngeni kwa Wavietnamu wenyewe. Kaskazini mwa nchi hiyo kuna sanaa nyingine, uimbaji wa mashairi uitwao ca trù, ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2009 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Jina lake linatokana na vijiti vya mianzi. Msikilizaji aliyefurahishwa alitoa kijiti, na mwisho wa kikao vijiti vilihesabiwa na kubadilishwa kwa fedha za waimbaji. Yaani tuzo ilikuwa ndani ya jina la sanaa yenyewe. Mtu aliyesikiliza pasipo kutoa kijiti alikuwa hajashiriki. Nimelipenda jambo hili kwa kuwa linathibitisha kwamba methali yetu haikuwaza peke yake.

Ndugu wasomaji, baadhi yetu tutaajiriwa katika makumbusho, wengine katika vyombo vya habari, na wengi tutaingia madarasani. Sote tutapewa siku moja sanaa ya mtu mwingine tuiandalie jioni. Tayari tunafanya hivyo. Tunakwenda mashambani na vinasa sauti, tunarekodi ngano na nyimbo za mazishi, tunarudi chuoni, tunazichapa katika viambatisho vya tasnifu, na jina linaloandikwa kwenye jalada ni letu. Bibi aliyetamba ngano ile usiku kucha hukumbukwa katika ukurasa wa shukrani kwa maneno kama vile wahojiwa wangu wote. Kiambatisho hicho nacho ni kabati la kioo. Nami nimo katika lawama hii, kwa maana tasnifu yangu ina viambatisho.

Nihitimishe kwa kurejea kwenye mti wa sung. Kikaragosi hufa majini, na kwa sababu hufa, lazima kichongwe tena. Na kwa sababu lazima kichongwe tena, lazima awepo kijana aliyekaa karibu na mzee akitazama jinsi patasi inavyoshikwa. Kuoza kwake ndiko kunakomleta mwanafunzi kwa fundi. Jumba la makumbusho likikizuia kikaragosi kisioze, limefanya kazi njema kwa mti. Likimlipa mzee ili amfundishe kijana kuchonga kingine, na likampa Tễu nafasi ya kusema la moyoni mbele ya mheshimiwa, basi limetunza kwa maana zote mbili. Mcheza kwao hutunzwa. Anayemwalika mtu acheze kwake hana budi kumtunza zaidi, kwa kuwa huyo amekubali kuyaacha maji yake na kuja kucheza ugenini.